Kompyuta Iliyokataa Kuwaka Asubuhi: Kisa cha Hitilafu Mbili Ndani ya Kasha Moja

Kompyuta iliyokufa kabisa si kazi ngumu. Unaanzia kwenye soketi ya ukutani, unafuata njia ya stima hatua kwa hatua mpaka ufike palipokatika. Inayosumbua ni ile inayozima leo, kesho inawaka vizuri, kesho kutwa inaleta skrini ya buluu, na ikishakubali inafanya kazi mchana kutwa bila kulalamika. Mashine za aina hiyo zinakula pesa za watu hapa Nakuru. Kila fundi anabadilisha kitu kimoja, mashine inatulia kwa muda, mwenyewe anafurahi na kulipa, kisha tatizo linarudi. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ninataka anayekutana na mashine kama hiyo aache kwanza kuuliza abadilishe nini, aulize inakataa lini, na inakataaje.

Mwenye mashine ni dada anayehariri video za harusi na za ruracio, yaani sherehe za mahari. Anaishi Kiamunyi, upande wa barabara ya Eldama Ravine, na chumba kimoja cha nyumba amekifanya studio. Kompyuta yake iliundwa kwa vipande vilivyonunuliwa kimoja kimoja: prosesa ya Ryzen 5 5600, bodi ya B450 (ile sahani ambayo vipande vyote huchomekwa) yenye sloti nne za RAM, yaani kumbukumbu ya muda, kadi ya grafiki ya GTX 1660 Super, SSD ya mfumo na diski kubwa ya kuwekea video. Pawasaplai, kile kifaa kinachogeuza stima ya ukutani iwe ya kulisha vipande vya ndani, ilikuwa ya wati 500, imetolewa kwenye kompyuta ya zamani ya nyumbani kwao na kuhamishiwa hapa. RAM zilikuwa nne, GB 8 kila moja. Mbili zilikuja na mashine. Mbili nyingine aliziongeza baadaye kazi zilipokuwa nzito, zikiwa za kampuni tofauti, ingawa zote nne zilikuwa na kibandiko cha kasi ya 3600.

Aliponifikia alikuwa ameshazunguka. Windows ilikuwa imewekwa upya zaidi ya mara moja. SSD ilikuwa mpya. Kuna fundi aliyeipima RAM kwa programu ya MemTest86 usiku kucha, ikapita bila kosa hata moja, na kutoka hapo kila mtu akaiondoa RAM kwenye orodha ya washukiwa. Kuna aliyeitoa pawasaplai, akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya, feni ikazunguka, akasema pawasaplai ni nzima. "Fundi, kama ni ya kutupa niambie niitupe," aliniambia. "Nina harusi za watu ndani ya hiyo diski."

Niliiweka mezani pale karakana, nikaiwasha. Ikawaka. Nikaizima, nikaiwasha tena, ikawaka. Nikaipa video ndefu irenda, yaani iitengeneze kuwa faili ya mwisho, huku prosesa na kadi ya grafiki zikifanya kazi kwa nguvu zote. Joto lilikuwa la kawaida, feni zinazunguka sawa, hakuna kilichokwama. Hapo ndipo mafundi wengi humrudishia mtu mashine na kumwambia haina shida. Mimi nilimrudishia pia, ila nilimpa daftari.

Nilimwomba aandike kila anapoiwasha: saa ngapi, mashine ilikuwa imezimwa kwa muda gani, soketi ya ukutani ilikuwa imezimwa au la, kumepambazuka na baridi au joto, na muhimu kuliko yote, kilichotokea hasa kwa macho yake. "Imekataa" haitoshi. Je, feni zilizunguka? Nembo ya bodi ilionekana? Ilizima yenyewe kabla ya picha kutokea, au ilifika kwenye Windows ndipo ikaleta skrini ya buluu? Kukiwa na skrini ya buluu, aipige picha kwa simu anitumie. Pia nilizima ile hali ya Windows ya kuwaka haraka. Watu wengi hawajui kwamba katika Windows 10 na 11, hali hiyo ikiwa imewashwa, ukizima kompyuta haizimi kabisa. Kiini cha mfumo kinahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile asubuhi. Kwa hiyo kosa la jana linaweza kuamka nawe leo, na huwezi kujua limezaliwa lini. Nilitaka kila asubuhi iwe mwanzo mpya.

Kuhusu picha za skrini ya buluu, alikuwa makini kuliko nilivyotarajia. Moja ilisema MEMORY_MANAGEMENT. Nyingine IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Nyingine PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Mtu akiona majina matatu tofauti anaweza kudhani ana matatizo matatu. Mara nyingi ni kinyume chake. Draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa fulani) ikiwa mbovu ina tabia ya kurudia kosa lilelile na kutaja faili ileile. Makosa yakirukaruka kutoka jina moja hadi jingine, na hasa kama Windows ni mpya kabisa, ni dalili kwamba kinachoharibika ni kile ambacho programu zote hukikanyaga: RAM, au umeme unaoilisha, au prosesa yenyewe.

Alipoileta tena pamoja na daftari, nilifungua Event Viewer, mahali ambapo Windows huandika matukio yake. Kulikuwa na mistari mingi ya Kernel-Power yenye nambari 41. Nambari hiyo imewaponza watu wengi, kwa kuwa wakiona neno Power, yaani umeme, wanakimbilia kununua pawasaplai. Tukio la 41 linasema jambo moja tu: Windows imeamka na kukuta kwamba mara ya mwisho haikuzimwa kwa utaratibu. Haisemi nani aliyeizima. Cha kuangalia ni ndani ya tukio lenyewe, kwenye sehemu ya BugcheckCode. Ikiwa sifuri, maana yake mashine iliganda au stima ilikatika kabla Windows haijapata nafasi ya kuandika lolote. Ikiwa na nambari, basi kulikuwa na skrini ya buluu. Nambari hiyo huandikwa kwa hesabu ya kawaida ya kumi, wakati skrini na vitabu vya mafundi hutumia hesabu ya kumi na sita. Kwa hiyo 26 pale ndani ni 0x1A, ambayo ni MEMORY_MANAGEMENT, na 80 ni 0x50. Asiyelijua hilo hutafuta maana ya 26 mpaka achoke.

Nililinganisha mistari hiyo na daftari. Asubuhi za skrini ya buluu zote zilikuwemo kwenye kompyuta, kila moja na nambari yake. Lakini daftari lilikuwa na asubuhi nyingine ambazo kompyuta haikuwa na habari nazo. Aliandika hivi, kwa maneno yake: "Nimebonyeza, feni zimezunguka kidogo, tak, imezima. Nimebonyeza tena, tak. Mara ya tatu imewaka." Kwenye Event Viewer, siku hiyo ni siku ya kawaida. Na ndivyo inavyopasa kuwa, kwa sababu Windows haiwezi kuandika kilichotokea kabla yenyewe haijaamka. Fundi anayesoma kumbukumbu za kompyuta peke yake angekosa nusu ya kisa.

Basi nilichora mstari katikati ya ukurasa na kuyagawa matukio. Upande mmoja nikaweka asubuhi za "tak": kuzima ghafla, kabla ya nembo, bila nambari. Upande wa pili asubuhi za skrini ya buluu: mashine imeshapita nembo, Windows inapakia au mtu ameshaingia, ndipo kosa linatokea, mara nyingi ndani ya dakika chache za mwanzo. Nilipozitenga hivyo, kila upande ulionyesha mpangilio wake. Za "tak" zilikuja asubuhi za baridi tu, na hazikuja mchana hata mashine ikiwa imezimwa kwa saa kadhaa. Za skrini ya buluu zilikuja pia mchana na jioni, mradi mashine ilikuwa imezimwa kabisa kisha ikawashwa. Hazikuja alipoiwasha upya kutoka ndani ya Windows.

Hilo ndilo lililonishawishi kwamba nilikuwa natazama hitilafu mbili. Kila moja peke yake ina mpangilio unaoeleweka. Zikichanganywa zinaonekana kuwa bahati nasibu, na kila ukirekebisha moja, ya pili inakuonyesha kuwa hujafanya kitu. Nina hakika kuna mashine nyingi zilizouzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu hiyo tu.

Nilianza na RAM kwa sababu kuijaribu hakugharimu chochote. Kibandiko cha 3600 si kasi ambayo RAM huamka nayo. RAM ya DDR4 ya namna hii huamka kwa kasi ya chini, 2133 au 2400 hivi, kwa volti 1.2. Ile 3600 ni mpangilio wa XMP unaowashwa ndani ya BIOS, ile programu ya bodi inayoiamsha mashine kabla ya Windows, na hupandisha volti hadi 1.35. Ni ahadi ya mtengenezaji wa RAM kuhusu seti aliyoifunga pamoja kwenye pakiti moja. AMD, mtengenezaji wa prosesa, kwa zile za Ryzen 5000 inatoa dhamana ya 3200 kwa RAM mbili. Ukijaza sloti nne, kasi iliyothibitishwa inashuka: 2933 kwa RAM zenye safu moja ya chipu, na 2667 kwa zenye safu mbili. Dada huyu alikuwa na RAM nne, kutoka kampuni mbili, zikisukumwa kwa 3600.

Kwa nini zilikubali siku nyingine? Kila mashine inapowashwa kutoka kuzimwa kabisa, bodi hufanya kazi ambayo mtumiaji haioni. Inaijaribu RAM, inatafuta muda na nguvu ya ishara ambayo itasomeka bila makosa, halafu inashikilia ilichopata. RAM zikiwa ndani ya uwezo wake, kila asubuhi matokeo ni mazuri. Zikiwa ukingoni, siku moja bodi inapata mpangilio unaostahimili, siku nyingine inapata unaoyumba, na siku hiyo yote inategemea kile kilichopatikana alfajiri. Ndiyo maana alikuwa na siku nzima nzuri na siku nzima mbaya. Na ndiyo maana kile kipimo cha usiku kucha kilipita: mashine ilikuwa imeshawaka vizuri jioni ile. Usiku mzima wa kupima mwanzo mmoja mzuri hauelezi chochote kuhusu mwanzo utakaofuata.

Kwa hiyo nilipima kwa njia tofauti. Nilichukua MemTest86+ kwenye flashi. Kila mara niliizima mashine, nikazima soketi, nikasubiri ipoe, nikaiwasha moja kwa moja kwenye kipimo, nikaiacha ikimbie kwa muda mfupi, halafu nikaanza tena. Mwanzo mwingi na vipimo vifupi, badala ya mwanzo mmoja na kipimo kirefu. Makosa yakatokea. Si kila mara, lakini yalipotokea yalikuja mapema, mistari myekundu ikijaza skrini. Nilipobakiza RAM mbili za mwanzo peke yake kwa 3600, hakuna kosa. Zile mbili za baadaye peke yake, hakuna kosa. Hakuna RAM mbovu hata moja pale. Ni nne kwa pamoja, kwa kasi ile, ndizo zisizoelewana.

Kuna mafundi ambao hapa wangekimbilia kuweka BIOS mpya, na ni kweli kwamba BIOS mpya huboresha namna bodi inavyoijaribu RAM. Lakini ninashauri kwa nguvu: usiandike BIOS kwenye mashine inayozima yenyewe. Ikizima katikati ya kazi hiyo, unaweza kubaki na bodi isiyowaka tena. Kwanza itulize mashine, BIOS baadaye.

Niliizima XMP, nikaiacha RAM kwenye kasi yake ya kuzaliwa, nikamrudishia pamoja na daftari. Skrini za buluu zikaisha. Za "tak" zikabaki vilevile, hata zikaongezeka, maana Julai ilikuwa imeingia.

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi zake ni za sweta. Fundi mwenzangu aliye Kisumu, kule chini karibu na ziwa kwenye mita 1,130 hivi, akiambiwa mashine inazima hufikiria joto na unyevu kwanza, na ana haki. Huku kwetu baridi ya alfajiri ni mshukiwa halali, lakini huondoka kabla fundi hajafungua duka. Mashine ya dada huyu ilikuwa ikitoka Kiamunyi kwa matatu, inafika mjini saa nne jua limepanda, na mezani kwangu ilikuwa haina kosa. Niliilaza karakana usiku, ikaamka vizuri. Chumba changu kina mashine nyingine na kuta nene. Chumba chake kina vigae sakafuni, dirisha kubwa, na kasha limekaa chini kabisa. Hitilafu ilikuwa inaishi kule, kwa hiyo ikabidi niifuate.

Nilienda alfajiri, nikabeba pawasaplai nzima ninayoiamini, maltimita, kipimajoto kidogo na kifaa cha kupimia soketi. Kile cha soketi kilionyesha kwamba waya wa ardhini haukuwa umeunganishwa. Alikuwa ameniambia kuwa akigusa kasha miguu ikiwa peku anahisi kutekenywa na stima, na hiyo ndiyo sababu. Chujio la ndani ya pawasaplai hupitisha stima kidogo kwenda kwenye bati la kasha, nayo ikikosa njia ya kwenda ardhini hubaki palepale. Haikuwa chanzo cha kuzima, lakini nilimwambia asiingoje: amwite fundi wa stima mwenye leseni, na mpaka hapo avae viatu. Kipimajoto kilisoma nyuzi 13 pale sakafuni.

Nikabonyeza. Feni zikazunguka, tak, giza. Nilifurahi kuisikia.

Maltimita, kabla sijaendelea, ilisoma volti 12.1 kwenye waya wa njano mashine ilipokubali. Kiwango cha ATX kinaruhusu kati ya 11.4 na 12.6, kwa hiyo kwa karatasi hiyo ni nzuri. Hapa pia watu hupotea. Maltimita ya kawaida hutoa wastani na husoma polepole. Mtikisiko wa volti unaotokea na kuisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde hauonekani kwake, ilhali kwa bodi unatosha kabisa. Pawasaplai ya ATX hutuma ishara kwa waya wa kijivu kuiambia bodi kwamba umeme umetulia, baada ya milisekunde 100 hadi 500 tangu volti zifike. Umeme ukiyumba, ishara hiyo huondolewa na bodi huzima au kuanza upya. Na ile njia ya kuunganisha kijani na mweusi inathibitisha tu kwamba pawasaplai inaweza kuzungusha feni bila mzigo wowote. Haithibitishi kwamba inaweza kuibeba prosesa na kadi ya grafiki zinapoamka kwa pamoja.

Nilichomoa nyaya za pawasaplai yake nikachomeka yangu, soketi ileile, kila kitu kingine kilevile. Ikawaka mara ya kwanza. Niliiacha iwake kwa muda mpaka bodi, prosesa na kadi vikawa na joto lake. Kisha nikaizima na kurudisha pawasaplai yake, ambayo muda wote huo ilikuwa imelala pembeni kwenye vigae, bado ya baridi. Nikabonyeza. Tak.

Hatua ile ya kurudisha kitu cha zamani mafundi wengi huiruka, na ndiyo yenye uzito zaidi. Ukibadilisha kitu na mashine ikawaka, huenda ni kwa sababu umekigusa kiungo kilicholegea, au kwa sababu muda umepita na chumba kimepata joto. Hapa vipande vingine vyote vilikuwa vimeshapata moto, na kilichokuwa cha baridi ni pawasaplai peke yake, na bado ilizima. Nikamwomba dada anipe mashine yake ya kukaushia nywele. Alinitazama.

"Fundi, unataka kuichoma?"

"Hapana dada, nataka kuipasha tu."

Nikachomoa waya wa ukutani, nikapuliza hewa ya joto la chini kwenye matundu ya pawasaplai kwa dakika chache, nikachomeka, nikabonyeza. Ikawaka mara ya kwanza. Asubuhi nyingine tulirudia kwa kugeuza: mashine nzima imelala usiku kwenye baridi, nikapasha pawasaplai peke yake, ikawaka bila kusita.

Maelezo yake yamo kwenye kapasita za maji, zile za umbo la mtungi. Ndani yake kuna kimiminika kinachopitisha umeme, na kazi ya kapasita ni kusawazisha volti ili zisitikisike. Kimiminika hicho kikipata baridi kinapitisha umeme kwa shida zaidi. Kapasita changa ina akiba ya kutosha, huwezi hata kujua. Iliyozeeka imekauka, akiba imeisha, na baridi kidogo inaisukuma chini ya kiwango. Mashine ikishakubali na kukimbia, ndani ya pawasaplai kunapata joto, kimiminika kinalegea, na kapasita inarudi kufanya kazi kwa mchana wote. Hii ndiyo sababu inaweza kurenda saa nyingi bila kosa. Kinachozizeesha ni joto: kanuni wanayotumia watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu. Pawasaplai ile ilikuwa imefanya kazi miaka mingi kwenye kasha lililojaa vumbi kabla ya kuja kwake.

Baadaye niliifungua karakana. Nasema hivi kwa uzito: asiyejua asiifungue. Kapasita kubwa upande wa stima ya ukutani hubeba volti 300 na zaidi, na inaweza kubaki nazo hata baada ya waya kuchomolewa. Upande wa pili, karibu na nyaya za kutokea, kapasita mbili zilikuwa zimevimba juu, kile kifuniko chenye alama ya msalaba kikiwa kimeinuka badala ya kulala sawa. Mwanafunzi wangu alionyesha nyingine yenye uchafu wa rangi ya kahawia chini yake akasema nayo imevuja. Haikuwa imevuja, ile ni gundi ya kiwandani inayozuia kapasita zisitikisike safarini, na hubadilika rangi kwa joto. Dalili ya kuaminika ni ule uvimbe wa juu, au majimaji yaliyotoka kwenye ile alama ya msalaba. Na kuna kapasita zinazokufa bila kuvimba kabisa, kwa hiyo kutoona uvimbe si hati ya afya.

Angeweza kubadilishiwa kapasita zile mbili, na ingekuwa bei ndogo. Nilikataa. Zilizobaki zina umri uleule, na pawasaplai ikifa vibaya inaweza kuondoka na bodi na diski. Kwa mtu ambaye diski yake ina harusi za watu, hapo si pa kubana matumizi. Alinunua mpya ya wati 550 yenye waranti na alama ya 80 PLUS Bronze, inayoonyesha kuwa haipotezi umeme mwingi. Prosesa yake ni ya wati 65 na kadi ya wati 125, kwa hiyo ukubwa wa wati haukuwa tatizo hata kwa ile ya zamani. Tatizo lilikuwa umri. Ile ya zamani niliikata waya wa mkia ili isije ikaokotwa na kuingizwa kwenye mashine ya mwingine.

Yakabaki maamuzi ya RAM. Angeweza kurudi kwenye RAM mbili kwa 3600, GB 16 za kasi, au kubaki na nne kwa kasi ya chini, GB 32. Kwa michezo pengine ningemshauri mbili. Kwa kuhariri video, RAM ikijaa programu huanza kutumia diski, na hapo kasi ya 3600 haikusaidii kitu. Tukaweka nne kwa 2666, kwa mkono, XMP ikiwa imezimwa. Nikarudia vile vipimo vifupi vya mwanzo mwingi, safari hii na pawasaplai mpya, alfajiri, pale pale kwenye vigae. Hakuna kosa. Ndipo nikaweka BIOS mpya, na nikapima tena, kwa sababu BIOS mpya mara nyingi hufuta mipangilio yote na kuirudisha ya kiwandani.

Daftari aliendelea nalo kwa hiari yake mpaka baridi ya Agosti ilipoisha. Kila mstari una saa na neno moja, "imewaka". Ndani ya kasha, ubavuni, nimebandika karatasi: RAM nne za seti mbili, kasi 2666, XMP isiwashwe. Kuna siku atakuja fundi mwingine, ataona 2666 kwenye skrini na 3600 kwenye kibandiko, na atataka kumsaidia.